Namna ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Aliyekuwa Mshauri wa Kodi na Mtu wa Watu

Katika misiba mingi ya Tanzania, kamati ikishamaliza kupanga jeneza, usafiri na chakula, huulizwa nani atasoma wasifu wa marehemu, na kazi hiyo humwangukia ndugu mmoja anayesifika kwa kuandika, aliyebakiwa na usiku mmoja tu. Iliniangukia mimi alipofariki shangazi yangu, mshauri wa kodi na mweka hazina wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, cha mtaani kwao, na rasimu yangu ya kwanza ilikuwa orodha ya vyeti na vyeo ambayo ingemfaa marehemu yeyote.

Anza na tarehe, kwa sababu ndizo zinazozua ubishi. Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho huenda usilingane na ule anaoukumbuka dada yake mkubwa. Yamalizeni na wazee mapema, si mbele ya waombolezaji. Majina ya ofisi nayo yaendane na wakati: Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kazi tarehe 1 Julai 1996, kwa hiyo aliyeajiriwa miaka ya themanini kushughulikia kodi ya mapato hakuajiriwa na TRA, na wenzake wa zamani waliokaa viti vya mbele watalibaini kosa hilo papo hapo.

Baada ya hapo ondoka sebuleni, kwa kuwa familia humjua marehemu kama mama au dada, lakini kazi yake wanaijua wengine. Mimi nilipata habari nilipoketi na wanakikoba waliokuwa wakichambua mchele nyuma ya nyumba. Mama lishe mmoja alinieleza kwamba kila ilipokaribia mwisho wa Machi, wakati wa kulipa awamu ya kwanza ya kodi ya makadirio, shangazi alitoa benchi barazani, nao wakaja na madaftari ya mauzo na risiti zilizokunjwakunjwa ndani ya mifuko. Kabla ya kujumlisha chochote, alimtuma mtoto akazitolee kopi risiti zote za mashine, kwa sababu maandishi yake hufifia, kisha akaibana kila kopi pamoja na risiti yake halisi. Malipo yake, alisema mama huyo, yalikuwa sahani ya wali maharage, na sahani aliirudisha imeoshwa. Nilifuta nusu ukurasa wa vyeo ili maelezo hayo yapate nafasi. Ukiandika tu kwamba marehemu "alipenda watu", utakuwa umesema lile linalosemwa katika kila msiba.

Jambo moja lahitaji tahadhari kubwa zaidi katika taaluma hii, nalo ni siri za walipakodi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inawataka maofisa wa kodi kuzitunza, na mshauri naye anabanwa na maadili ya kazi yake. Hata kama mwenye duka aliyeokolewa na faini kubwa amesimama pale akilia, usimtaje kwa jina wala usitaje kiasi, isipokuwa amekuruhusu mwenyewe.

Karatasi mbili zinatosha; zisome kwa sauti usiku huo, ukimpa mtu saa akupimie dakika. Kwa Waislamu, ambao huzika haraka, hitima au arobaini hutoa muda mzuri zaidi wa kusimulia. Majina ya watoto na wajukuu yahakikiwe na mtu wa pili, pamoja na ya wale aliowalea bila kuwazaa, maana hao ndio husahaulika.

Kabati lake likifunguliwa, tenga kwanza nyaraka za wateja. Sisi tulikuta vyeti vya TIN (namba ya mlipakodi), risiti na madaftari ya watu, kila furushi likiwa na jina, tukamwomba mwenyekiti wa kamati atangaze mara baada ya wasifu kwamba wenyewe wamwone binamu yangu. Jioni ile walikaa kwa zamu barazani, kwenye benchi lilelile.