Duka la vito likivunjwa: kazi ya mwenye duka na ya mtaa

Duka la vito la mji mdogo kama Mpwapwa au Kondoa hubeba mali ya watu wengi kuliko jina lililo kwenye leseni. Ndani ya sefu kuna mawe ya mwenye duka, kuna ya mchimbaji aliyeyaacha kwa mali kauli, yaani alipwe yakishauzwa, kuna ya broka aliyeomba apimiwe, na kuna pete ya mama wa mtaa wa pili iliyoletwa kubadilishwa jiwe. Likivunjwa usiku, asubuhi wanaolia ni wengi, na wanaoshukiwa ni wengi zaidi. Maelezo haya ni ya mwenye duka na ya uongozi wa mtaa.

Usiingie, hata kama mlango uko wazi na unaona sefu imelala chini. Piga 112 au tuma mtu kituoni, kisha mwite mwenyekiti wa mtaa aje kama shahidi. Zungusha kamba kwa mbali, na usisahau uchochoro wa nyuma. Mwizi wa miji hii mara nyingi hapiti mlangoni: anatoboa ukuta wa nyuma wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, au anafungua bati na kushukia kwenye silingibodi. Kiangazi cha Dodoma vumbi hushika nyayo vizuri sana, ila upepo ukianza kuvuma zinafutika. Funika kila unyayo unaouona kwa beseni au ndoo iliyopinduliwa, weka jiwe juu, usiukanyage ukienda wala ukirudi.

Kufuli lililokatwa liache lilipoangukia. Kata ya grainda hung'aa na kuacha unga wa chuma sakafuni, ya mkasi mkubwa wa chuma hubana kutoka pande mbili, na kufuli lililofunguliwa kwa ufunguo halina jeraha lolote. Hilo la tatu ndilo watu huona aibu kulionyesha, wakalipiga nyundo ili lionekane limevunjwa. Kufanya hivyo ni kumfukia mpelelezi njia fupi kuliko zote, na ukigundulika wewe ndiwe utakayekuwa mshukiwa wa kwanza.

Kama una kamera, nakili picha kwenye flashi siku hiyo hiyo, maana mashine ya kurekodi ikijaa hufuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Kabla ya kunakili, piga picha ya skrini ya mashine ukiwa umeshika simu pembeni, saa zote mbili zionekane. Mashine nyingi hazikuwekwa saa ya Afrika Mashariki zilipofungwa, na tofauti ya saa tatu inaweza kumwachia mwizi ushahidi kwamba alikuwa kilabuni. Kwenye maelezo yako polisi taja muda kwa namna zote mbili: saa 8 usiku, yaani 02:00 kwa mtindo wa saa 24. Chukua namba ya RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi), iandike zaidi ya mahali pamoja.

Baada ya hapo ni orodha, na hapa ndipo kesi nyingi hufia. "Rubi nyekundu, nzuri, gramu nyingi" haimsaidii mtu. Jiwe lililokatwa linahitaji aina, umbo, uzito kwa karati hadi nukta mbili, na urefu, upana na kina kwa milimita. Rafu, yaani jiwe ghafi ambalo halijakatwa, andika gramu, ukikumbuka kwamba gramu 1 ni karati 5. Halafu weka kitu ambacho mwizi hawezi kukibadilisha kwa urahisi, yaani yaliyomo ndani ya jiwe. Rubi za Winza, zilizovuta watu wengi Mpwapwa mwaka 2008, zinajulikana kwa nyuzi nyembamba zilizopinda ndani yake; zikipigwa picha kwa tochi na lupu ya kukuza mara 10, mpangilio wa nyuzi hizo ni alama ya jiwe moja tu. Jiwe likikatwa upya litapungua uzito na vipimo vitabadilika, ila kilicho katikati hubaki. Krisopresi ya Haneti, jiwe la kijani ambalo huuzwa kwa mafungu makubwa, huhitaji picha nyingine: kila bonge kubwa kwa pande zote mbili, ganda lake likionekana, rula pembeni, kivulini mchana juu ya karatasi nyeupe. (Na isikae dirishani miezi mizima kwa ajili ya kupendezesha duka. Joto na jua kali hufifisha kijani chake, na jiwe lililofifia halifanani tena na picha yake.)

Rekodi hiyo hufanywa siku jiwe linapoingia. Baada ya wizi unaweza kuokoteza tu: stakabadhi, picha za WhatsApp ulizomtumia mnunuzi, daftari la fundi aliyekata. Nakala moja ikae nje ya duka. Daftari pekee likiwa ndani ya sefu, litaondoka na sefu.

Taja hasara iliyoandikwa, usitaje ya kuumia. Ukisema kijiweni zimeibwa za milioni 200, na vitabu vyako pamoja na stakabadhi za mrabaha (tozo ya serikali kwa madini) vinaonyesha 30, utaulizwa na polisi, na bima, na watu wa kodi, na wale walioacha mali kwako wataamini unazo nyingine ulizoficha. Kama una bima, soma kipengele cha wizi kabla ya kudai: kwa kawaida hutaka alama za kuvunja kwa nguvu, na hutaka mawe yawe yalikuwa ndani ya sefu nje ya saa za kazi. Yaliyokuwa kwenye kabati la kioo huenda yasilipwe.

Wenye mali kauli waite siku hiyo hiyo, kabla hawajasikia kwa bodaboda. Waite pamoja, si mmoja mmoja, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Kila mmoja aseme alichoacha, kiandikwe, asaini, naye apewe nakala yenye namba ya RB. Pasipo karatasi ya makabidhiano, andika maneno ya pande zote mbili jinsi yalivyo, hata yakipingana. Usiahidi tarehe ya kulipa siku hiyo. Ahidi tarehe ya kikao cha pili, na uitimize. Mchimbaji akiona unamkwepa hataacha tena jiwe mjini kwa mtu yeyote. Atauza machimboni kwa bei ya kutupa kwa mnunuzi wa kwanza atakayepita na gari. Mkata vito, mama ntilie na bodaboda wa njia ya machimbo wote watahisi ndani ya wiki chache.

Mlinzi naye. Kila mara yeye ndiye wa kwanza kutajwa, na pengine kweli anajua kitu, ila kuuliza ni kazi ya polisi. Uongozi wa mtaa useme wazi kwenye mkutano kwamba hakuna atakayepigwa wala kufungiwa chumbani. Mtu aliyepigwa hukiri chochote, na maneno hayo yakifika mahakamani yanaweza kuivunja kesi hata kama mwizi ni yeye.

Tangazo litoke haraka kwenda soko la madini la mkoa, ofisi ya Tume ya Madini na mabroka mnaofahamiana hadi Arusha. Tangu masoko ya madini yaanzishwe 2019 biashara ya rafu inatakiwa kupitia humo, kwa hiyo mwizi ana milango michache ya halali. Toa picha ya jumla na uzito wa kukadiria. Zile nyuzi za ndani, au mkwaruzo wa kona, usizitoe. Mpe mpelelezi peke yake. Atakayepiga simu akisema ameliona jiwe aulizwe alama hiyo, kwani wapo wanaopiga ili watumiwe "hela ya nauli".

Ulinzi shirikishi ukianzishwa, ujulishwe kituo cha polisi na mtendaji wa kata kwanza. Watu wasipungue watatu kwa zamu, wawe na filimbi na tochi, na michango ipewe risiti. Bila risiti mwezi wa pili hakuna atakayetoa. Ukuta wa nyuma ujengwe kwa tofali za saruji, matundu yajazwe zege na nondo, sefu ifungwe sakafuni kwa bolti kutokea ndani.

Jiwe likipatikana, nenda na mizani yako na mwenye mali kauli. Lipimwe mbele yenu, uzito uandikwe kwenye hati ya ukamataji, lifungwe kwenye bahasha yenye saini juu ya gundi. Ni kielelezo, hivyo linaweza kukaa mpaka kesi iishe, isipokuwa mahakama ikiridhia lipigwe picha na lirudishwe mapema. Omba hilo kwa maandishi kupitia mwendesha mashtaka. Kama mwenye jiwe ni mchimbaji, jina lake ndilo liandikwe kwenye ombi, si lako.