Shahada mbili za uzamili, sera za umma na haki jinai: ya kupima kabla ya kutuma maombi

Vyuo vikuu kadhaa vya Marekani humruhusu mwanafunzi kusoma kwa pamoja shahada mbili za uzamili, moja ya sera za umma na nyingine ya haki jinai. Sera za umma peke yake kwa kawaida ni miaka miwili. Ukiunganisha zote, tarajia kama mitatu, kwa sababu baadhi ya masomo huhesabiwa pande zote mbili. Vijana wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaoulizia njia hii huanza na ada. Ningewaomba waanze na swali jingine: ni jambo gani unalotaka kulishughulikia ambalo shahada moja haitoshi?

Chukua mfano wa dhamana. Jimbo la New Jersey liliachana karibu kabisa na dhamana ya fedha kuanzia Januari 1, 2017. Msomi wa haki jinai atachunguza mfumo wa alama unaomsaidia hakimu kukisia kama mshtakiwa atarudi mahakamani au atatenda kosa jingine: umejengwa kwa takwimu zipi, na unawaonea akina nani? Msomi wa sera atauliza mabadiliko yalipitaje na nani analipa. Atakuta kwamba wapiga kura walibadili kwanza katiba ya jimbo mwezi Novemba 2014 ili hakimu apate mamlaka ya kumweka mtu hatari rumande bila dhamana, na kwamba huduma ya kuwafuatilia walioachiwa iliegemezwa kwenye ada za mahakama. Ukishika upande mmoja tu, nusu ya habari imekupita. Tanzania nako, tume ya haki jinai iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilitoa mapendekezo mengi. Kuyatekeleza kunahitaji mtu anayejua kukadiria bajeti na anayejua pia mahabusu anavyopokelewa kituoni saa nane za usiku. Kama una swali la aina hiyo, liandike kwa sentensi mbili. Likikataa kuandikika, soma shahada moja uimalize vizuri.

Udahili mara nyingi ni wa milango miwili. Kila idara huamua kivyake, na barua ya maelezo binafsi iliyoipendeza idara ya sera inaweza kuonekana nyepesi kwa idara ya haki jinai. Andika mbili tofauti. Waombe walimu wawili au watatu mapema barua za mapendekezo, na uwaambie unaomba nini.

Takwimu ndizo zinazowaangusha wengi. Idara zote mbili hufundisha uchambuzi wa takwimu, na ile ya sera huongeza uchumi. Kama hesabu zako zimelala tangu sekondari, ziamshe nyumbani, pamoja na R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ambayo ni ya bure.

Sasa suala la viza, ambalo hujulikana watu wakiwa wameshachelewa. Mwenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa Marekani, huweza kuruhusiwa kufanya kazi ya fani yake kwa miezi 12 baada ya masomo, lakini ruhusa hiyo hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya elimu. Uzamili mbili ni ngazi moja. Kuwa na vyeti viwili hakukupi miezi 24. Baadhi ya programu za sera zimeorodheshwa kama za sayansi na hivyo wahitimu wake huweza kuongezewa miezi 24 juu ya ile 12, kwa hiyo iulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujakubali nafasi. Jua pia kuwa FBI huajiri raia wa Marekani tu, na ofisi nyingi za serikali kuu ni hivyo hivyo. Hata mafunzo kazini polisi yanaweza kukwama kwenye uchunguzi wa historia yako.

Ukipanga kuandika tasnifu kuhusu wafungwa, tenga miezi ya ziada. Kwa utafiti unaogharamiwa na wizara ya afya ya Marekani, kamati ya maadili inayoupitia lazima iwe na mjumbe ambaye ni mfungwa au mwakilishi wa wafungwa. Ni kanuni nzuri sana, lakini huchukua muda, kisha gereza lenyewe nalo lina ruhusa zake.

Kuhusu fedha, uliza idara ipi italipa mwaka wa tatu. Kazi ya kumsaidia profesa, ile inayofuta ada, huwa ya idara moja, na unapohamia upande wa pili inaweza kukatika. Ipate ahadi hiyo kwa maandishi.

Kwa anayekusudia kurudi: shahada ya haki jinai haikufanyi wakili. Tanzania utahitaji shahada ya sheria na mafunzo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na vyeti vyako vya nje vitapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kutambuliwa. Ulizia mapema kama chuo hutoa vyeti viwili au kimoja chenye majina mawili, na nakala ya matokeo itaonyesha nini.