Jinsi ya kufika Nathu La, mpakani mwa India na China

Nathu La ni njia ya kupitia kati ya milima, iko jimbo la Sikkim, kaskazini mashariki mwa India, mita 4,310 juu ya usawa wa bahari. Misafara ya biashara kwenda Tibet ilipita hapa hadi vita vya India na China vya 1962 vilipofunga mpaka. Ukafunguliwa tena kwa biashara Julai 2006.

Hatua ya 1: Tazama pasipoti yako. Wanaoruhusiwa kufika mpakani ni raia wa India tu. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uingereza mwisho wake ni ziwa Tsomgo, mita 3,753. Ndugu zetu wa asili ya Kihindi wa Dar na Mombasa, kadi ya OCI, ile ambayo India huwapa watu wa asili yake wenye uraia wa nchi nyingine, si uraia. Wakala akikwambia "tutapenya tu", achana naye; eneo lile ni la jeshi.

Hatua ya 2: Vibali. Mgeni anahitaji kibali cha kuingia Sikkim, na hutolewa pia kwenye kizuizi cha Rangpo, mji wa kuingilia Sikkim. Cha Tsomgo ni kingine: lazima muwe wawili au zaidi na mpitie wakala aliyesajiliwa. Beba nakala za pasipoti na viza, na picha ndogo za kutosha. Raia wa India nao huombewa kibali na wakala, mapema kabla ya safari. Wasipange Jumatatu wala Jumanne, kwa kawaida Nathu La hufungwa.

Hatua ya 3: Lala Gangtok, mji mkuu wa Sikkim, usiku mbili. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, na mimi nasisitiza kuliko yote. Gangtok iko kama mita 1,650. Tsomgo inakaribia kulingana na kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, yenye mita 3,720. Lakini Horombo unaifikia kwa miguu siku ya pili, mwili ukizoea taratibu. Tsomgo gari linakufikisha kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo hata aliyewahi kusimama kilele cha Uhuru anaweza kuugua ugonjwa wa mwinuko huku. Kunywa maji, acha pombe, kula chakula chepesi. Mjamzito na mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari kwanza.

Hatua ya 4: Ondoka asubuhi na mapema. Mchana mawingu hushuka na ziwa likapotea. Aprili, Mei, Oktoba na Novemba ni miezi mizuri. Masika ya huko, Juni hadi Septemba, huleta maporomoko barabarani. Makoti na mabuti hukodishwa vibandani njiani. Ziwani utakuta yaki, ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, wamevishwa vitambaa vya rangi kwenye pembe zao, na pakiti ya krispi uliyonunua Gangtok imevimba kama puto. Hewa imepungua, tembea polepole.

Kichwa kikigonga na kichefuchefu kikaja, mwambie dereva ageuze gari hapo hapo. Oksijeni ya kopo hukupa nafuu ya muda tu. Dawa ni kushuka.