Kadi za Wanamichezo, za Zamani na za Kisasa: Namna ya Kuzikusanya Ukiwa Malindi

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, amua kama unataka kadi za wanamichezo (vipande vya karatasi ngumu vyenye picha za wachezaji) za zamani au za kisasa, kwa sababu uadimu wake haufanani. Za zamani zimepungua zenyewe, kwa kuwa watoto walizichezea mpaka zikachakaa na nyingine zikatupwa. Ndiyo maana kadi ya mwaka 1952 ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyochapishwa na kampuni ya Topps, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Za kisasa hufanywa adimu na kampuni, ambayo huchapa nakala chache zenye saini au nambari, tuseme 7/25, yaani nakala ya saba kati ya 25. Umri peke yake usikudanganye: kadi za besiboli za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapwa kwa wingi mno, na nyingi hazina thamani kubwa.

Kwa anayeanza, naona ni heri kadi moja ya zamani, halisi ingawa imechakaa, kuliko pakiti mpya zinazonunuliwa kwa kubahatisha. Malindi ina Waitaliano wengi, na Panini, kampuni ya picha za wachezaji za kubandika kwenye albamu, ilianzishwa Modena, Italia, mwaka 1961, kwa hiyo waulize kwa adabu kama wana picha hizo au albamu walizohifadhi tangu utotoni.

Ukiletewa kadi, ipime kwa rula kwanza. Kadi za kawaida za besiboli za Topps tangu 1957 zina upana wa sentimita 6.35 na urefu wa 8.9, na iliyopungua huenda imekatwa kingo ili pembe zionekane kali. Kisha itazame kwa kioo cha kukuzia: herufi nyeusi za kadi halisi kwa kawaida hujaa wino mzima, ilhali za nakala iliyopigwa skani mara nyingi huonekana vitone vitone.

Kazi kubwa ya pwani ni unyevu. Kadi za kisasa zenye tabaka la kung'aa hupinda upesi, kwa sababu karatasi hunyonya maji na kutanuka huku tabaka lile likibaki lilivyo. Za zamani hupata ukungu na madoa ya kahawia. Kila kadi itie katika mfuko wake laini usio na PVC (aina ya plastiki), usiifunge kwa mpira, kisha zipange zote katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vijifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Liweke kopo kwenye kabati la ndani, mbali na jua na ukuta wa nje, na wakati wa masika ubadilishe vijifuko mara kwa mara.