Ochazuke: wali uliobaki na chai ya kijani

Wali ukibaki usiukaange kila siku, jaribu ochazuke ya Wajapani (mji wa Kyoto wanaiita bubuzuke), ni wali tu unaomwagiwa chai ya kijani ya moto. Mchele mfupi wa Kijapani ule unaonatana ndo mzuri, weka nusu bakuli, na kama umetoka kwenye friji upashe kwanza maana utapoza chai yote. Juu weka samoni wa chumvi aliyechomwa umchambuechambue, ufuta uliokaangwa, nori (mwani mkavu wa karatasi) umeikatakata na wasabi (kiungo kikali cha kijani cha Kijapani) kidoogo pembeni.

Sasa chai ndo penyewe. Maji yakichemka yaache yapoe kidogo, kama digrii 80 hivi, majani ya sencha (chai ya kijani ya kawaida ya Kijapani) yakae dakika 1 tu, ukizidisha inakuwa chungu na huo uchungu unafunika ladha ya samaki, na sukari msiweke jamani. Ukipata hojicha, ile ya majani yaliyokaangwa, hiyo inavumilia maji ya moto kabisa na harufu yake inaendana sana na samaki, mi naipenda zaidi. Mimina taratibu mpaka ikaribie kufunika wali afu kula fasta, nori haikawii kulegea.