Kutembea kwa miguu mpaka mwambani: namna ya kupanga siku na wenzako

Kipupwe kikishaingia, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, jua linapoa na watu wanaanza kuulizana wikiendi twende wapi. Mimi nasema, kwa sisi wa Unguja, nendeni Jambiani, au Paje, au Bwejuu, mtembee kwa miguu mpaka mwambani. Maji ya bamvua yakitoka upande ule wa mashariki bahari inarudi nyuma, inabaki mchanga na majani na vidimbwi, kilomita nzima na pengine zaidi, na kule mwisho ndio mwamba wenyewe na mawimbi yanapasuka. Boti huhitaji. Ila matembezi haya yanataka mpango, na mpango wenyewe karibu wote ni saa.

Siku usiichague kwa sababu ni Jumapili, ichague kwa mwezi. Tazama tarehe ya Kiislamu: tarehe 1 mpaka 4 hivi, na 15 mpaka 18 hivi, hizo ndio bamvua, maji yanatoka sana na yanajaa sana, tofauti yake inafika kama mita 4. Tarehe 7 na 8, au 22 na 23, ni maji mafu, hapo mwamba mtauona kwa mbali tu. Bahati yetu kisiwa hichi ni kwamba siku za bamvua maji yanakupwa, yaani yanafika mwisho wa kutoka, baina ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, kila siku yanachelewa kidogo kuliko jana, kwa hiyo mnakwenda asubuhi na mnarudi mkasali Adhuhuri kijijini bila ya kukimbizana. Saa kamili itazame kwenye ratiba ya maji kwenye simu halafu muulize na mvuvi wa pale pale, maana upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu unasukuma maji pwani na hayatoki kama ratiba inavyosema. Ikiangukia siku ya kazi subirini bamvua nyengine, ni wiki mbili tu.

Sasa hesabu. Tuseme maji yanakupwa saa tano. Saa tatu na nusu muwe mshafika mchangani, mnayafuata maji yanavyotoka. Saa tano ikifika mnageuka, hata kama mwambani hamjafika, hata kama mwenzenu ndio kwanza kaona pango la pweza. Hili mulikubaliane asubuhi kabla hamjavua viatu, na awepo mtu mmoja ambae kazi yake ni kutazama saa na akisema turudi basi ni turudi. Sababu ni hii, maji yanachukua kama saa sita kujaa, saa ya mwanzo yanapanda polepole mpaka watu wanasema aa bado, lakini saa ya tatu na ya nne yanakuja kwa kasi. Halafu hayaji kutoka mbele peke yake, yanaingia kwanza kwenye mabonde, na mabonde mengine yako nyuma yenu, baina yenu na pwani. Unaweza kuwa umesimama pakavu unapiga picha kumbe njia ya kurudia ishafika kiunoni. Anaetembea taratibu kuliko wote ndie aende mbele, na watoto wadogo wabaki ufukweni na mtu mzima.

Viatu: raba kuukuu za kufunga kamba na soksi ndani, basi. Kandambili zinanasa kwenye tope, yeboyebo zinateleza kwenye mawe. Miguu mitupu hapana, kuna wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi, mwiba unaingia na unakatikia ndani. Chukueni na fimbo ya kupimia kina, kofia, maji ya kunywa ya kutosha, simu kwenye mfuko usiopitisha maji. Na mjisitiri, mnapita kwenye kijiji cha watu.

Kabla ya kushuka msalimieni sheha, yaani kiongozi wa mtaa, au wavuvi, muulize kama kuna sehemu imefungwa, vijiji vyengine vinafunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na hilo ni la kuheshimiwa hata kama hakuna anaekuoneni. Mbele kidogo mtakuta mashamba ya mwani, kamba zimefungwa kwenye vijiti, ziko chini chini na mguu unanasa bila kujua. Zungukeni, msiruke juu yake. Ukikanyaga kamba moja umeangusha mwani wa mama wa watu ambae kainama hapo toka asubuhi, na kilimo hichi toka 1989 kimelea na kimesomesha watoto wengi upande huu. Mpeni shikamoo, na picha ombeni kwanza.

Kwenye maji ya magoti buruzeni miguu badala ya kuinyanyua, samaki taa, yule bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia mchanga unatikisika anaondoka mwenyewe. Mkifika kwenye mawe nendeni polepole na mtazame. Pango la pweza linajulikana kwa takataka zake, mbele ya tundu kuna magamba ya kaa na kombe aliowala na vijiwe kajipangia mlangoni. Viti vya pweza, wale wadudu wa bahari wenye umbo la nyota, waacheni ndani ya maji, kuwatoa kwa ajili ya picha kunaweza kuwaua. Na konokono yeyote mwenye gamba la umbo la pia usimguse hata awe mzuri vipi, wamo wenye sumu ya kuua mtu.

Mtu akichomwa na samaki yule anaefanana na jiwe, rudini hapo hapo, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahamili bila kuungua, kama saa moja au zaidi, huku mnatafuta gari ya hospitali. Msimchanje wala msimfunge kamba. Mkwaruzo wa mwamba nao musiudharau, osheni kwa maji safi na sabuni siku ile ile, unaoza haraka.

Chakula agizeni kijijini kabla hamjashuka, samaki wa kukaanga na muhogo wa nazi, mkirudi mkute tayari. Na daladala, ile 309 ya Jambiani, muulizeni konda mkiwa mnashuka asubuhi gari ya mwisho ya mjini inaondoka saa ngapi.