Kumnywesha ORS mtoto anayeharisha mpaka imsaidie

Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, hapa Dodoma si ngeni kwa mtu. Ipo kituo cha afya, ipo duka la dawa muhimu, na ukimgongea jirani usiku pengine atakupa. Kinachonisumbua mimi muuguzi wa watoto ni jibu moja ninalolisikia kila mara kwenye kona yetu ya ORS: "Nimempa, sista. Asubuhi." Mtoto anaharisha tangu jana, sasa ni saa tisa alasiri, na ORS kanywa nusu kikombe asubuhi, kama vile ni dawa ya homa. Jamani, ORS haina dozi ya asubuhi na jioni. Ni maji ya kufidia maji yanayotoka, kwa hiyo hunywewa mfululizo, kidogo kidogo, tangu choo cha kwanza chepesi hadi kuhara kukome.

Na wapo wanaoidharau. Baba mmoja anaweza kuleta mtoto kwa bodaboda na neno la kwanza likawa: "Nataka dripu, hayo maji ya pakiti hata nyumbani yapo." Huyo huwa namsimulia habari ya mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipofurika India na kipindupindu kikawakuta humo humo kambini. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya Bangaon. Akaamua wachanganye chumvi na glukosi katika maji, na ndugu wa wagonjwa wakapewa kazi ya kunywesha. Kabla ya hapo walikuwa wanakufa kama watu 30 katika kila wagonjwa 100; wakashuka hadi chini ya 4. Sababu ni kwamba hata utumbo unapomwaga maji, uwezo wake wa kufyonza glukosi unabaki. Glukosi ikifyonzwa huingia pamoja na chumvi, na maji hufuata. Dripu ina mahali pake, ila mtoto anayeweza kumeza hana haja ya kuchomwa sindano ili anywe.

Kuchanganya

Kwanza soma pakiti. Nyingi tunazotoa ni za lita moja, lakini dukani zipo ndogo za nusu lita na hata za mililita 200. Unga wote wa pakiti unaingia kwenye maji yote yaliyoandikwa. Usigawe pakiti eti nusu leo, nusu kesho, kwa sababu humo ndani chumvi na sukari hazijagawanyika sawasawa.

Kupima ndiko kunakoharibika zaidi. "Vikombe vitatu" si kipimo, maana kikombe cha bati cha bibi na kikombe cha plastiki cha kwako ni vitu viwili tofauti. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, ioshe, jaza mara mbili: hiyo ni lita moja. Maji yakipungua, chumvi inakuwa kali na inaweza kumdhuru mtoto. Yakizidi, unamnywesha maji tu. Onja mwenyewe kabla ya kumpa: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga, anza upya.

Maji yachemshwe hadi yatokote, yapoe, ndipo utie unga. Usichemshe tena baada ya kuchanganya. Hapa niseme jambo la kwetu. Mjini wengi tunakunywa maji ya visima vya Makutupora, lakini ukienda vijijini, upande wa Bahi kwa mfano, kuna visima ambavyo maji yake yana chumvi hata kwenye chai unaisikia. Ukiyachanganyia ORS hayo unaongeza chumvi juu ya chumvi, na kuyachemsha hakuiondoi. Tafuta maji yasiyo na chumvi: ya mvua, ya bomba la jirani, au ya dukani kwa siku hizo mbili tatu. Ni gharama, najua, lakini ni ndogo kuliko nauli ya kuja mjini usiku.

Funika chombo, andika saa uliyochanganya. Iliyochanganywa saa mbili asubuhi, kesho saa mbili asubuhi inamwagwa hata kama imebaki nusu.

Pakiti ikikosekana kabisa na kituo kiko mbali: lita moja ya maji safi yasiyo ya chumvi, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kulundika. Hiyo ni ya kusukuma muda ukiwa njiani kutafuta pakiti. Soda, juisi za pakiti na chai ya rangi yenye sukari nyingi usimpe, kwani sukari ikizidi huvuta maji kuyaingiza utumboni na choo kinaongezeka.

Kunywesha

Baada ya kila choo chepesi, mtoto wa chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa cha chai. Wa miaka miwili na kuendelea, mililita 100 hadi 200. Katikati ya vyoo, akitaka tena, mpe tena. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi na kwa muda mrefu kuliko kawaida. ORS haichukui nafasi ya ziwa.

Sasa kasi. Mtoto mdogo anapewa kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Mkubwa kidogo anakunywa funda ndogo ndogo kwenye kikombe. Chupa ya chuchu iache kabatini, haisafishiki vizuri na ndiyo mara nyingi imeleta balaa lenyewe. Watu huona kijiko ni utani, kwa hiyo huwa nawapigia hesabu. Mtoto wa kilo 8 aliyeanza kupungukiwa maji, sisi kituoni tunataka anywe mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4: hizo ni mililita 600. Kijiko cha chai ni mililita 5. Basi ni vijiko 120, yaani kijiko kimoja kila dakika mbili kwa saa nne. Mama mwenye subira na kijiko anafanya kazi ile ile ya dripu, na mtoto yuko mapajani kwake.

Akitapika? Hapo ndipo wengi wanaacha, "anatapika yote, sista." Mara nyingi ametapika kwa sababu alipewa kikombe kizima kwa mkupuo, alikuwa na kiu, akagugumia, tumbo likakataa. Subiri dakika 10. Anza tena polepole zaidi, kijiko kila dakika mbili au tatu. Hata akitapika tena, sehemu fulani imeshaingia.

Usiku mgawane. Mama peke yake akifika saa nane atasinzia na kijiko mkononi. Baba ashike zamu, dada mkubwa ashike, bibi ashike.

Zinki na chakula

Pamoja na ORS tunatoa vidonge vya zinki. Mtoto wa miezi 6 na zaidi anapewa miligramu 20 kwa siku, ambayo kwa kawaida ni kidonge kizima. Wa chini ya miezi 6 miligramu 10, nusu kidonge. Kiyeyushe kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, baada ya sekunde chache kitasambaratika chenyewe. Siku ni 10 hadi 14, kadiri ulivyoelekezwa. Choo kitafunga siku ya tatu au ya nne na utashawishika kuvihifadhi vilivyobaki kwa safari nyingine. Usivihifadhi. Zinki inaponya utumbo na kumpunguzia mtoto nafasi ya kuharisha tena kwa miezi miwili mitatu inayofuata, na hilo linapatikana kwa kumaliza.

Alishwe. Kumfungia chakula ili "tumbo lipumzike" kunamdhoofisha tu. Uji wa ulezi au uwele wenye karanga zilizosagwa, ugali laini kwa mlenda, ndizi iliyoiva na kupondwa. Kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Dawa za kuzuia kuhara za watu wazima hazimfai mtoto kabisa. Na Flagyl, dawa ya kuua bakteria na amiba ambayo imekuwa kama kiungo cha jikoni, haimsaidii mtoto mwenye choo cha maji, kwa kuwa kuhara kwingi kwa watoto wadogo ni kwa virusi. Muuza duka atakuuzia ukimwomba. Usimwombe.

Habari ya meno ya plastiki

Kuna mtoto wa miezi sita au saba, ameanza uji, ameanza kutambaa na kuokota kila kitu mchangani. Anaharisha, ana joto. Mtu anamfunua kinywa, anaona fizi imevimba pembeni, panapotarajiwa chonge. "Meno ya plastiki haya, lazima yang'olewe." Kile kivimbe ni jino la kawaida lililo ndani ya fizi, kila mtoto analo. Kuharisha kumetoka kwenye maji, mikono na chakula cha umri huo. Wanaong'oa hutumia spoku ya baiskeli au kisu, mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na kinywa chenye kidonda hakipokei kijiko wala ziwa. Tena siku nzima imepotea kwenda kwa mng'oaji na kurudi.

Lakini usigombane na bibi. Anayetaka meno yang'olewe anataka mjukuu apone, na kwa uzoefu wangu hakuna anayenywesha kwa kijiko vizuri kama bibi: hana haraka, hana simu mkononi. Mimi humsalimu kwanza kwa Kigogo, "Mbukwa, bibi," kisha namkabidhi kikombe na kijiko, namwomba yeye ndiye asimamie. Mazungumzo ya meno huwa yanakwisha yenyewe choo kinapopungua.

Wakati wa kuacha kijiko na kuondoka

Mtazame mtoto, usihesabu vyoo tu. Anayepokea kikombe kwa pupa na kulia kikiondolewa tayari amepungukiwa maji. Ameanza kulegea, macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita: mlete. Unaweza kujaribu ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu. Ishike kwa kidole gumba na cha shahada, ivute juu kwa sekunde moja, achia. Ikichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, hali ni mbaya. Kwa mtoto aliyekonda sana kipimo hiki kinadanganya. Mtoto ambaye utepe wa kupima unene wa mkono ulisoma nyekundu kliniki, au mwenye miguu iliyovimba, usimtibu kuhara nyumbani hata kidogo, maana mwili wake unahitaji maji ya aina nyingine na uangalizi wa hospitali.

Wengine wa kuletwa bila kusubiri: wa chini ya miezi miwili, mwenye damu kwenye choo, anayetapika kila anachopewa, mwenye homa kali, aliyepata degedege, asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayelala lala na hazinduki vizuri. Aliyeharisha siku 14 au zaidi naye aje hata kama anacheza.

Njiani endelea kumpa vijiko maadamu yuko macho na anameza. Asiye na fahamu usimtie kitu kinywani.

Ya kuzuia nitayataja kwa haraka kwa sababu mnayasikia kliniki. Chanjo ya rota, ile ya matone, imo kwenye ratiba yetu tangu 2013 na inaanza wiki ya 6. Ikipita sana muda haiwezi kutolewa, kwa hiyo usichelewe. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono na sabuni karibu na choo. Na kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni, si uani nyuma ya banda. Wengi wanaamini hakina madhara kwa kuwa ananyonya tu, kumbe kina vijidudu vile vile. Mvua zikianza, Desemba hivi, na watu wakateka maji kwenye makorongo, vijidudu hivyo ndivyo vinavyorudi ndani ya ndoo.

Ukija kituoni, beba kadi ya kliniki, chupa ya ORS ilivyobaki na dawa zozote alizopewa, hata za kienyeji. Hatutakugombeza, tunataka kujua kilichoingia. Tueleze ameharisha tangu lini, mara ngapi tangu jana, amekojoa mara ya mwisho saa ngapi. Kama mtoto amelegea, usikae kwenye benchi kungoja namba yako iitwe. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi yeyote utakayemwona na umwambie, "Huyu haamki vizuri." Wanaongoja kwenye foleni watakuelewa.